Moto Marufuku

Miaka ishirini na sita nimekula kwa cheche.
Mageti, matangi, vitanda vya zahanati:
nusu ya vyuma vya Barabara ya Lunga Lunga
vina mshono wangu.

Kisha nikaitwa darajani, juu ya Mto Ngong,
na Injinia Chelagat akasema, mashine iache nyumbani.
Chuma hiki ni cha kale, kimebeba uchafu wa tanuri lake;
ukikipa moto leo kitakushukuru,
kesho kutwa kitapasuka pembeni mwa mshono.

Akafungua boksi. Ndani, utepe mweusi,
mwembamba kama ukosi wa shati la shule,
mwepesi hata Odindo akauinua kwa kidole.
"Huu ndio utabeba lori la saruji?"
Nilicheka. Naomba iandikwe kwamba nilicheka.

Siku tatu tuliishambulia kutu kwa mchanga wa kompresa
mpaka boriti ikang'aa kama sufuria ya bi harusi.
Kwanza kitambaa cha nyuzi za kioo,
maana kaboni na chuma vikigusana mwili kwa mwili
hulana, taratibu, kwa maji ya mvua, bila kelele.
Lazima kati yao alale mtu wa tatu.
Nikamkumbuka shangazi Syokau,
aliyekaa kwetu miezi minane
baba na mama walipokuwa hawasemezani.

Kisha gundi: ndoo mbili, pima, koroga,
una dakika arobaini kabla haijawa jiwe.
Yaliposhuka manyunyu ya Julai
Chelagat alisimamisha kila kitu,
akakipangusa chuma kama anayemfuta mtoto kamasi.
Mimi, wa kuchoma na kwenda zangu,
nikangoja wiki nzima bila cheche hata moja.

Siku ya nane akanipa sarafu ya shilingi ishirini.
Gonga, sikiliza.
Ti. Ti. Ti. Pamejaa.
Hatua tatu kutoka nguzo ya pili: du.
Nikarudi. Du.
"Pana hewa hapa, upana wa kiganja."
Akatega sikio. "Mimi sisikii kitu."
Nikagonga tena.
Akatoa chaki, akachora duara.

Malori yanapita sasa. Daraja halijawa kijana,
bado linaguna magurudumu yakiingia.
Sarafu hakuidai.
Juzi, nikisubiri chai kibandani,
nilijikuta naigonga mezani,
ubao kwa ubao,
natafuta penye hewa.