Watu Mia Mbili Kumi na Wanne

Mwalimu mkuu alisema, "Maneno mawili matatu tu, Bi Tokiwa."
Mawili au matatu? Hakufafanua.
Miaka thelathini na mmoja nimepika katika shule hii ya Hokkaido
na mimi ni mtu wa vipimo:
mchele kilo kumi na sita,
chumvi ya kijiko kilichosawazishwa kwa kisu,
karoti vipande vya kidole cha mtoto wa darasa la kwanza.
Maneno mawili matatu hayakai kwenye mizani.

Usiku nililihutubia jokofu.
Nilisimama wima: "Walimu wangu, wanangu wapendwa,"
likanguruma, likanyamaza ghafla,
nami nikainama kuliomba radhi.

Wanasema ulimi hauna mfupa.
Wangu ulikuwa umeota mfupa tangu Jumatatu,
tena wenye kona.

Isono, anayeosha masufuria, akanipa dawa ya bibi yake:
chora kiganjani, kwa kidole, herufi ya mtu,
mistari miwili tu, mmoja umemwegemea mwenzake,
kisha ulambe, ummeze. Mara tatu.
Uliyemmeza hakutishi.
Nilifanya hivyo nyuma ya pazia
linalonuka vumbi na mipira ya kikapu.
Nikameza watatu.
Wakabaki mia mbili kumi na mmoja.

Na magoti! Hakuna aliyenionya juu ya magoti.
Yaligongana ndani ya suti yangu nyeusi ya misibani,
niliyoibandika ua la kitambaa ili isijulikane.
Nje theluji ya Machi ilikuwa imefika madirishani;
ndani, kwapa zangu zilikuwa masika.
Karatasi yenye hotuba ilikuwa mfukoni mwa aproni,
aproni ilikuwa msumarini,
msumari ulikuwa jikoni,
na jikoni kulikuwa mbali kama Osaka.

Wakaniita jina zima: Tokiwa Shizue.
Nani huyo? Kwa watoto hawa mimi ni dirisha,
ni mikono miwili inayosukuma sufuria kupitia mvuke.
Hawajawahi kuniona miguu.

Ngazi tatu.
Maikrofoni ikapiga yowe kabla yangu,
nikaipenda kwa hilo.
Nikafungua kinywa. Patupu.
Nikahesabu, moja, mbili, tatu, nne,
kama ninavyohesabu wali ukipumua chini ya kifuniko,
maana wali haukaripiwi,
ukiufunua mapema utatafuna kokoto.

Katika kimya hicho nikamwona Reiji wa darasa la tatu,
safu ya mbele, uso mweupe kama tofu.
Miaka mitatu amenirudishia karoti zangu zote
zimepangwa pembeni mwa sahani kama mabehewa.
Alikuwa anayakimbia macho yangu.
Kumbe mtu anaweza kuniogopa mimi!

Basi nikazungumza naye, yeye peke yake:
"Karoti nilikuwa naziona.
Sikukasirika.
Kesho yake nilizikata ndogo zaidi."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka, wa darasa la sita nadhani,
kisha ukumbi mzima, hata mwalimu mkuu.

Sitasema uongo, sauti yangu ilitetemeka mpaka mwisho.
Ilitetemeka kama kifuniko cha sufuria,
na mpishi hahitaji kuelezwa kifuniko kinatetemeka kwa nini:
ndani mna kitu, na moto upo.

Mengine sikumbuki. Isono anasema nililitaja jokofu.
Anasema dakika tisa.

Niliposhuka, magoti bado yalikuwa na baraza lao,
na mtoto aliyeitwa kupanda, maua mkononi,
kunishukuru kwa niaba ya wanafunzi wote
alikuwa Reiji.
Kumbe hakuwa ananiogopa mimi. Aliogopa ngazi zile zile.
Tulipopishana akanifunulia kiganja, haraka, kama anayeonyesha kidonda.
Hakuwa ameamini kidole; alikuwa ameandika kwa wino.
Mtu mmoja tu, nusu yake imefutika.
Midomo ya mtoto ilikuwa bluu.