Siku ya Zuhura

Mjini Gaya, nyuma ya stesheni, nguzo ya tatu kutoka kwenye bomba:
hapo mama aliweka meza yake ya kupigia pasi,
kwa kuwa taa ile ni ya manispaa na haimletei mtu ankara.
Mimi chini ya meza, mgongo kwenye mguu wa mbao,
na kitabu cha maswali elfu tatu, mkono wa pili.
Mwenyewe wa kwanza aliandika jalada la ndani:
Manoranjan, jaribio la nne.
Paliposema sayari ni tisa, alikata kwa kalamu, akaweka nane.
Sikujua kama alifaulu. Hati yake ilikuwa nzuri.

Mtihani wa reli, siku arobaini na moja.
Nafasi mia sita, waombaji laki tisa.

Mama hajui a wala be, ila masikio anayo,
nami nilisoma kwa sauti ili usingizi usinikute peke yangu.
Baada ya wiki tatu alianza kunijibia.

Iliyo karibu zaidi na jua?
"Utaridi."
Kubwa kupita zote?
"Mshtarii. Hiyo umeniuliza jana."
Ipi ni nyepesi hata ingeelea majini,
kama ingepatikana bahari ya kuitosha?
"Zohali," akasema, akinyunyizia maji kola ya mkaguzi wa tiketi.
"Ndiyo ile yenye pete?"
Ndiyo.
"Wapo wengi wa hivyo. Pete kibao, uzito hakuna."

Mwanga wa jua hutumia muda gani kutufikia?
Dakika nane na sekunde kama ishirini.
Alifikiri kidogo.
"Shati moja. Mikono mirefu."
Nilichukua saa nikampima. Hakukosea,
na kwapa alikuwa amezirudia mara mbili.

Kisha usiku mmoja, mbwa wote wamelala,
nikafika ukurasa uliomwagikiwa chai.
Zuhura: hujizungusha mara moja
kwa siku mia mbili arobaini na tatu za kwetu;
hulizunguka jua kwa mia mbili ishirini na tano.
Mama akasimamisha pasi kwenye kisigino chake.
"Rudia."
Nikarudia.
"Kwa hiyo mwaka wake unakwisha
kabla hajamaliza kugeuka."
Ndiyo, mama.
Akalitazama rundo: mashati ya hoteli ya mahujaji,
sare za wauguzi, shuka kumi na mbili zisizo za mtu anayemjua.
"Huyo namfahamu," akasema,
akapuliza mkaa mpaka majivu yakanirukia kitabuni.

Dhanbad, chumba cha kompyuta sitini na feni mbili.
Zuhura hakuulizwa. Zohali hakuulizwa.
Niliulizwa mshahara wa mtu anayeweka akiba moja ya tano,
mto gani uko wapi, nani alijenga nini,
na swali moja tu la angani:
mwanga, jua, muda.
Majibu manne yalikaa kwenye kioo yakifanana kama ndugu.
Nikafumba macho. Nikamwona mama
akianza na kola, akishuka mgongoni,
mkono wa kushoto, wa kulia, vifungo.
Alipokunja nikabonyeza la tatu.

Treni ya kurudi ilinishusha kabla ya alfajiri.
Mto Phalgu ulikuwa mchanga mtupu kama kawaida,
maji yake yamejificha chini.
Mama alikuwa ameshawasha.
Hakuuliza mtihani. Alinyoosha kidole mashariki,
juu ya paa la karakana, kwenye kitu cheupe kisichopepesa.
"Ndiye?"
Ndiye.
Tukamtazama wote wawili, yeye amesimama, mimi na begi langu.
"Ulisema huko joto linayeyusha risasi."
Kitabu ndicho kilichosema.
"Basi aliyempima siku yake alisimama wapi?"

Nilifungua mdomo.
Katika elfu tatu, hilo halikuwemo,
na Manoranjan pia hakuwa ameandika chochote pembeni.
Mama akangoja kidogo, kwa adabu,
kisha akavuta shati la kwanza.