Hesabu za Chumba 1714

Isidro, umeniuliza kwa simu, kati ya bandari na bandari,
sauti ikikatikakatika kama redio ya betri chovu:
kile chumba kinalipa?
Nimechukua daftari la shule la mwanangu,
nikapiga mstari katikati.
Kushoto kinachoingia, kulia kinachotoka.
Kulia kumejaa kwanza.

Siku ile hatukuwa tunatafuta nyumba.
Tulikuwa tunamtafutia Mama viatu, kule Mandaluyong,
na pale penye ngazi za umeme kijana wa tai
akakupa upepeo wa karatasi
uliochorwa jengo lisilokuwepo.
Chema chajiuza, husemwa.
Hiki kilitembezwa hadi kwenye foleni ya choo.

Akatupeleka kuona chumba cha mfano.
Mama akajinyoosha kitandani apime,
na miguu yake, ya mfupi kuliko wote katika ukoo,
ikaning'inia nje.
"Kitanda cha nani hiki?" Kijana akacheka.
Wewe ulikuwa umeshashika kalamu.

Mita ishirini na mbili za mraba.
Miaka sita ya grisi chini ya kucha zako.
Ghorofa ya kumi na saba, inasema lifti,
ila nimezihesabu kutoka barabarani:
hakuna ya nne, hakuna ya kumi na tatu.
Mikosi, bawabu alinieleza.
Kwa hiyo uko ya kumi na tano, kaka.
Mbili umelipia woga wa watu wengine.

Kodi: peso elfu kumi na nne, Jovelyn akilipa.
Benki: elfu kumi na tisa, na benki haijui mwezi mbaya.
Ada ya jengo: elfu tatu na ushei,
ya lifti mbili, moja ina karatasi ya "samahani" tangu Pasaka,
na ya bwawa ambalo sijaona mtu akilowa.
Machweo ya ghuba, yale ya kwenye upepeo:
yamezibwa. Kampuni ileile imesimamisha Awamu ya Pili
mbele ya pua yetu. Dirisha linatazama dirisha.
Kuna mzee wa upande wa pili, kila usiku saa mbili anapiga pasi
shati lilelile.

Nikauliza bei ya kuuza.
Dalali akasema vipo vingine themanini jengoni humo,
vyote, kwenye matangazo, vina machweo.

Sasa lipo moja sijui niliandike upande gani.
Usiku ule wa Novemba mto Marikina ulipoingia jikoni kwetu
bila kubisha hodi,
nilimpigia Jovelyn. Alikuwa kazini,
akiwatuliza Wamarekani kuhusu mashine zao za kufulia,
na alikuwa anadaiwa miezi miwili.
Akasema: ufunguo uko kwa bawabu. Ingieni.

Tuliingia wanane. Mama, mjomba Kulas na mguu wake mbovu,
watoto wa Marivic, mimi na wangu,
na jogoo wa mjomba ndani ya ndoo.
Umeme ulikuwa umekatika. Tulipanda kwa miguu,
na hapo ndipo nilishukuru kwamba zile mbili hazipo.

Mama alilala kitandani kwa Jovelyn. Miguu ilienea.
Sisi wengine sakafuni, kama dagaa.
Alfajiri jogoo akawika kibarazani,
na kutoka Awamu ya Pili, juu huko,
jogoo mwingine akajibu.

Kijana wa tai amepiga tena. Sasa ana mvi.
Awamu ya Tatu, punguzo kwa mabaharia.
Nimemwambia uko mahali pasipo na mtandao.
Usinunue, Isidro. Hesabu haijifichi.
Na kuuza, tuongee ukifika.

Miezi miwili ya Jovelyn nimeifuta.
Ni pesa yako, najua; utanifokea nyumbani.
Faini ya jogoo, peso elfu moja,
hiyo nimelipa mimi. Usiiandike.