Kitufe cha Nafasi

Saa nne asubuhi, Hombolo, mzani ukakaa kimya.
Si umeme. Taa ya seva ilikuwa inawaka,
feni yake ikivuma kama trekta iliyozama matopeni.
Kreti mia mbili na kumi za zabibu juani;
nyuki walipata habari kabla yangu.

"Tumedukuliwa," akasema katibu Chibago,
akafunga droo ya pesa, ufunguo akautia kwenye soksi.
Nikakagua. Hakuna kilichoibwa,
hata kilo, hata jina.
Mlangoni limesimama swali moja tu,
halijibiki, halipishi.

Nikafukua. Chini ya programu yetu kuna maktaba,
chini ya maktaba, maktaba nyingine,
na huko chini kabisa mstari mmoja
wenye kazi ndogo kuliko zote:
kufuta nafasi tupu mwishoni mwa jina.
Ukikuta nafasi mbili, unachagua njia.
Ukikuta thelathini, unazijaribu njia zote,
unafika ukingoni, unagonga nukta,
unarudi mwanzo. Mara bilioni.
Si ukaidi. Ni utiifu uliokosa mtu wa kuuambia basi.

Aliyeuandika simjui. Aliugawa bure,
akaacha neno pembeni: "Nitaurudia nikipata muda."
Miaka sita.
Nani angempa muda?
Sisi tumeujengea ghala juu yake,
wengine benki, wengine hospitali pengine,
na hakuna aliyewahi kumuuliza ameshindaje.

Nyuma yangu Mama Ndahani amekalia kreti tupu,
yenye zabibu iko miguuni, inachuruza,
imeshaanza kunuka divai.
"Mwanangu, hiyo mashine inafikiria nini?"
"Jina lako, mama."
"Jina langu lina nini cha kufikiriwa tangu asubuhi?"

Nikalitazama. Ndahani, halafu weupe
mrefu kama barabara ya Manyoni, halafu nukta.
Adui niliyekuwa nikimsaka ng'ambo
alikuwa kidole cha karani wetu Nyemo,
kimetoka kupanga vichala, kina utamu,
na kitufe cha nafasi kilichonata.

Saa nane nikatia kiraka. Herufi mbili.
Nikamtumia yule nisiyemjua, pamoja na salamu za Hombolo.
Mzani ukaamka: kilo kumi na tisa.
Alfajiri, kwa mzani wa dukani, zilikuwa ishirini.
Mama Ndahani aliisoma namba, akanitazama mimi,
akatia kidole gumba kwenye wino.

Nyemo alikuwa anachovya kitambaa kwenye maji ya moto.