Jua la Julai

Leo Meru umevua ukungu wote,
umesimama uchi hadi kiunoni,
na jua limemwagika Kilombero
juu ya mabati, juu ya nyanya, juu ya vipara.
Ukichungulia dirishani utaapa ni Desemba.

Mimi nauza masweta, sichungulii dirishani.
Naamka saa kumi na moja, natia mguu sakafuni.
Sakafu ndiyo huniambia mwezi.

Basi wanapita.
Anapita Zefania fundi simu na singlendi yake nyeupe,
mabega yana vipele kama kuku aliyenyonyolewa,
anapiga mluzi ili midomo ipate kazi nyingine.
Wanapita wanachuo wawili wenye kaptula,
magoti yamepauka, jivu tupu,
wanashika upande wa barabara wenye jua,
na ghorofa la benki likiwakatia
wanakivuka kile kivuli mbio
kama watu wanaovuka mto.

Anapita mwalimu mstaafu, Bwana Ndekirwa:
koti, skafu, kofia ya sufu imeshuka masikioni.
Anawatazama, anatikisa kichwa,
anapiga chafya tatu.
Yeye ndiye aliyejifunika, yeye ndiye mwenye mafua.
Sina maelezo.

Watu husema jua la Julai ni tapeli.
Mimi nasema ni fukara.
Joto limekwisha ghalani,
linagawa mwanga, maana ndio uliobaki.

Kufika saa nne wameanza kurudi kwangu.
Hawasalimii vizuri, wanashikashika tu.
"Hili shilingi ngapi?"
"Elfu nane."
Alfajiri lingekuwa elfu tano.
Bei hupangwa na upepo wa mlimani,
mimi naisoma tu kwa sauti.

Lakini binti wa gauni la njano hakuja.
Gauni halina mikono, mgongoni kamba mbili
na ngozi yote iliyobaki ni ya hali ya hewa.
Amesimama kwenye kona ya stoo ya mahindi,
viganja amevificha kwapani,
anavitoa kutazama simu, anavirudisha,
macho yako barabara ya stendi.
Nikamwita: We mwanangu, njoo ujifunike,
hata bure, utanirudishia.
"Sisikii baridi, mama,"
na neno baridi likamtoka vipande vitatu.

Mtaka uzuri hudhurika, nilitaka kumwambia.
Nikaimeza methali, ikashuka kwa shida.

Maana nami nilikuwa na blauzi,
maua mekundu, shingo pana,
na Julai kama hii nikangoja lori la maziwa
litoke Usa River
na kijana mmoja juu ya madebe.
Sweta la mama nililivulia nyuma ya mgomba.
Nilitetemeka saa mbili.
Lori likaja. Yeye amevaa makoti mawili!
Alicheka hadi akapaliwa,
akavua la juu, akanivika.
Lilinuka maziwa yaliyochacha.
Koti hilo ndilo hili nimelikalia,
limekuwa mto wa kigoda.
Mwenyewe yuko Nkoaranga, kati ya migomba na kahawa,
siku hizi hahitaji kujifunika.

Saa saba na nusu mtu akatokea,
begi mgongoni, kaptula, ndala,
shati la mikono mifupi lenye minazi,
mtu wa Tanga, huyo sikuhitaji kuuliza,
meno yanagongana kama vikombe kwenye sinia.
Wakasimama wakatazamana:
gauni la njano, shati la minazi,
kila mmoja amemvalia mwenzake joto
ambalo mji hauna.
Ndipo wakacheka, wakaja kwangu wakikimbia.

Walichagua la bluu, pana, la mtu mnene.
Nikawashikisha na la kijivu.
"Moja linatosha," binti akasema,
midomo imekuwa zambarau,
"tutapokezana."

Shilingi ngapi, wakauliza.
Upepo ulikuwa umeshaanza kushuka,
bei naijua.

Nikawatajia ile ya alfajiri.