Chumba cha Uani

Alikuja Vingunguti mwezi wa tatu, mvua imeshika,
na sanduku moja
na mwavuli mweusi mkubwa kama wa mazishini.
Jina lake refu kama namba za Luku:
Lalrinpuii.
Watoto walilijaribu, wakalitema, wakamwita Rini.
Mangi wa dukani alimwita Mchina.
"Si Mchina," akasema. "Mhindi, wa milimani."
Uani pote tukacheka. Mhindi! Wahindi si tunawajua?
Naye akacheka, hajui tunachekea nini.

Nikamuuliza, kama mwenye nyumba anavyouliza,
kazi yako nini, kodi itatoka wapi.
Akafungua kidaftari, akatafuta neno kwa kidole,
akasimama wima kama anaapishwa:
"Kazi yangu ni kuomba."

Basi.
Kufika magharibi mtaa mzima umeshajua:
kwa Bi Mgeni kuna binti ombaomba, na viatu anavyo.
Mama Tausi akaleta unga kwenye kibakuli,
fundi Kilindo mkaa wa kopo moja,
mimi nikatoa ndoo ya maji, maji ya kununua hayo.
Akapokea kwa mikono miwili, uso umemwiva,
maana kwenye daftari lake yeye ndiye aliyetumwa kutoa.

Zahanati ya kanisa ilimpa koti jeupe
na meza yenye mguu mmoja mfupi.
Mchana anafunga vidonda, usiku anapigana na joto.
Kwao, alinieleza, asubuhi mawingu yako chini ya nyumba,
unafungua mlango unayatazama kwa juu.
Hapa alilala sakafuni, kitambaa cha maji kifuani,
na umeme ukikatika nilimsikia ng'ambo ya ukuta
akiimba kidogo, halafu haimbi.

Nilimwambia pole.
Akauliza: "Kwani umenikosea nini?"
Hilo lilinishinda.
Pole ni pole. Unaisema, unakaa naye.

Kunihubiria alijaribu mara moja;
maneno yakampindukia, tukaishia kusahihisha maneno.
Tangu hapo mimi na swala yangu, yeye na sala yake.
Adhana ya alfajiri inatuamsha wote wawili,
tunakutana bombani, natia udhu, ananawa uso,
hatusemezani mpaka kila mtu amalize.

Mwisho wa mwezi huandika taarifa kwa waliomtuma.
Siku moja kalamu ikamgomea.
"Bi Mgeni, mwezi huu nimefanya nini?"
Nikamhesabia: umekuna nazi bila kujikata.
Umemwamkia mjukuu wangu shikamoo,
naye, mtundu yule, akakuitikia marahaba.
Umekaa matanga kwa fundi Kilindo siku tatu,
mkekani, bila kusema neno.
Akasema hayo hayaandikiki.
Nikasema basi hao waliokutuma hawajui kusoma.

Hapo ndipo akanipa habari ya mchele.
Kwao kila mama akitaka kupika
hutenga konzi moja pembeni,
konzi ya asubuhi, konzi ya jioni,
zinakusanywa, zinauzwa,
na hiyo ndiyo kodi ninayoipokea,
ndiyo nauli yake, ndiyo dawa yake ya malaria.
Nikaziangalia noti zile mkononi.
Wanawake nisiowajua wanapunguza sufuria zao.
"Kumbe nawe," nikamwambia, "ni wa kuombewa."
Akalitafuta neno kidaftarini.
Akakaa nalo muda.

Jana, mwaka wa pili huu, mvua tena,
nasikia hodi. Si ile hodi yake ya zamani,
ya kugonga mara moja na kurudi nyuma hatua tatu.
Aliingia mpaka jikoni, kanga begani,
sufuria yake inachemka huko, kifuniko kinapiga kelele,
akakinga kiganja:
"Bi Mgeni, naomba chumvi."
Wala hakuona haya.
Nikamtilia konzi.