Kuwamba Ngoma

Ngozi imelala siku tatu ndani ya beseni la Bibi Philomène,
ngozi ya yule mnyama wa misitu ya kaskazini
mwenye pembe kama viganja vilivyokunjuliwa.
Sasa ni laini, inanuka mto na moshi.

Nje ni Manitoba, nyuzi thelathini chini ya sifuri;
magari yamechomekwa kwenye umeme yasigande,
yametulia kama ng'ombe waliofungwa zizini.
Ndani, ukumbi wa mpira wa kikapu,
birika la chai, viti vya plastiki,
na baba yangu, Alphonse, hataki kuketi
maana kiti kilichobaki
kinatazamana na cha kaka yake.

Miaka hamsini na mmoja.
Sisi watoto tulimjua baba mkubwa Hector kwa kisogo:
kisogo dukani, kisogo mazikoni.

Kisa chenyewe ni neno.
Bweni la shule ya watawa, usiku,
mtoto wa miaka sita ana homa, koo limekauka,
akanong'ona: nipiy.
Maji.
Kikrii kilikuwa marufuku hata ndotoni.
Kulipokucha wakauliza ni nani.
Hector, wa miaka tisa, akanyoosha kidole.

Mkanda uliofuata siusimulii.
Baba naye hausimulii.
Huvaa mikono mirefu hata Julai.

Bibi Philomène hakuhubiri.
Aliweka mzinga wa mwerezi katikati yao,
akawatupia kamba mbichi:
"Huu ni wa watu wawili. Vuteni."

Kuna wasemao mwamba ngoma huvutia kwake,
na wasemapo hulaumu.
Laiti wangekuwapo.
Avutaye peke yake, ngozi humwendea yote,
ikapinda, ikawa bubu.
Baba akavuta kwake.
Hector akavuta kwake.
Hasira ya huyu ikakaza fundo la yule,
tundu kwa tundu,
hawatazamani, jasho linawatiririka.
Kamba ikakatika. Baba akatukana
kwa Kiingereza, lugha aliyochapiwa.
Hector akaziokota ncha mbili, akaziunga,
akamrudishia yake.

Ngoma mbichi haipigwi. Tuliiacha ikauke.

Siku ya tano wanaume wakaizunguka,
wanawake tukasimama nyuma yao.
Pigo la kwanza lilinifika tumboni
kabla ya kunifika masikioni.
Sitasema kidonda kilipona;
baba alikuwa akikosea mwendo,
mkono wake unafika umechelewa,
kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

Ndipo Hector akalaza kirungu chake,
akaenda mezani,
akarudi na kikombe cha karatasi,
maji yakimmwagikia vidoleni.
"Nipiy," akasema,
kwa sauti, mbele ya wote.

Baba alikitazama kile kikombe.
Ngoma haikumngoja, wenzake walizidi kupiga.
Akanywa. Nusu.

Nusu akamrudishia.